Aliye Juu Mngoje Chini: Kuanza na Roketi za Nguvu Kubwa

Roketi inapotoka kwenye reli yake, mota hunguruma kwa sekunde moja na ushei, kisha kimya. Wageni uwanjani hupiga makofi papo hapo. Wazoefu hawapigi. Wameinua shingo, viganja vimekinga jua, midomo inahesabu chinichini: tano, sita, saba. Wanangoja mlio mdogo wa "pu!" kutoka mbali na kitambaa chenye rangi kuchanua angani. Kikichanua, ndipo nao wanapopiga makofi. Kisipochanua, msimamizi hupaza sauti ili kila mtu aitazame inakoelekea na aondoke njiani.

Anayeanza mchezo huu karibu kila mara huuliza: itafika juu kiasi gani? Swali halina ubaya, ila silo lenyewe. Kupaa ni kazi ambayo kiwanda kimekwisha kukufanyia kwa sehemu kubwa. Unanunua mota iliyopimwa, unaiwasha, inasukuma. Kinachobaki mikononi mwako ni kuirudisha roketi chini ikiwa nzima. Hata cheti cha kwanza cha mchezo kimejengwa juu ya jambo hilo. Hakuna kimo unachotakiwa kufikia wala mtu wa kushindana naye. Unatakiwa umrudie shahidi wako, yule mwenye cheti anayekukagua, ukiwa na roketi ambayo ingeweza kurushwa tena bila matengenezo.

Herufi na maana yake

Nguvu ya mota za roketi hupangwa kwa herufi. Kipimo chake ni nyutoni-sekunde, yaani nguvu ya msukumo ikizidishwa kwa muda ambao mota inawaka. Mota ya A huishia nyutoni-sekunde 2.5. B huishia 5, C huishia 10, na kila herufi inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia, mpaka G yenye kikomo cha 160 na H yenye kikomo cha 320.

Kuzidisha kwa mbili kunadanganya macho. Kutoka A hadi H ni vipandio saba, lakini vipandio saba vya mara mbili ni mara 128. Ukipanda vingine saba kutoka H unafika O, nyutoni-sekunde 40,960, mwisho wa mchezo huu kwa kanuni za Marekani. Kwa hiyo anayerusha H kwa mara ya kwanza yuko katikati kabisa ya ngazi: tofauti kati yake na mtoto aliyeshika kiroketi cha A ni ileile iliyopo kati yake na dude la O linalobebwa na watu wanne. Sijui mchezo mwingine ambao mtu huruka mara 128 katika wikiendi moja kwa kubadilisha herufi tu dukani. Ndiyo maana wakaweka mlango hapo, na mlangoni pakawekwa watu wa kukagua.

"Nguvu kubwa" basi huanzia H. Lakini hata mota ya G inaweza kukuvusha mpaka bila wewe kujua: msukumo wa wastani ukizidi nyutoni 80, au fueli ikizidi gramu 125, au roketi yenyewe ikiwa na uzito unaozidi kilo moja na nusu, basi umeshaingia upande wa pili na sheria zake.

Sasa soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mota. Chukua ya kampuni ya AeroTech iliyoandikwa H128W-14A. H tumeshaiona. 128 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. W ni aina ya fueli, ile inayotoa mwali mweupe na moshi mwingi, rahisi kwa macho kuifuata. 14 ni sekunde za kuchelewa: mota ikishamaliza kusukuma, kuna fitili ndani inayoendelea kuungua polepole kwa muda huo, kisha inawasha kiasi kidogo cha baruti nyeusi kinachosukuma parachuti itoke. Ile A ya mwisho inakwambia kwamba muda huo unaweza kupunguzwa. Ukigawanya jumla ya mota hii, ambayo ni nyutoni-sekunde 170 na kitu, kwa 128, unapata kama sekunde 1.3. Safari nzima inasukumwa kwa muda unaotosha kusema "bismillahi". Yaliyobaki ni kuteleza hewani kwa kasi uliyokwisha kupata.

Kwa nini hakuna anayechanganya fueli jikoni

Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik, vijana wa Marekani walishikwa na homa ya roketi, na wengi waliitibu kwa kujaza kemikali kwenye vipande vya bomba la chuma. Vidole vilikatika, macho yakapofuka, na wengine walipoteza maisha. Jawabu lilikuwa limekwisha kubuniwa na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, ambaye pamoja na kaka yake Robert alitengeneza mwaka 1954 kiroketi cha karatasi chenye mota ya kutumika mara moja na parachuti ya kukirudisha. G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands, alipokiona alielewa mara moja kwamba hatari ilikuwa kwenye kuchanganya fueli na kwenye chuma. Ondoa hivyo viwili, mwachie kijana yaliyobaki. Mwaka huohuo wa 1957 ikaanzishwa National Association of Rocketry, inayojulikana kwa kifupi kama NAR, na baadaye kidogo Vern Estes wa Colorado akaunda mashine ya kutengeneza mota hizo kwa wingi, mashine aliyoipa jina Mabel.

Roketi za nguvu kubwa zilikuja baada ya hapo, pale wale watoto walipokuwa watu wazima wenye mishahara. Lakini kanuni ya muuza viatu haikubadilika: mwili wa karatasi, mbao, plastiki au faibaglasi, mota ya kiwandani iliyopimwa na kupewa kibali, na njia ya kurudi chini. Kilichobadilika ni fueli. Badala ya baruti nyeusi, mota kubwa hutumia chumvi iitwayo amoniamu pakloreti iliyoshikanishwa na mpira, ikawa kitu kigumu kinachofanana na soli ya kiatu. Ni ya ukoo mmoja na fueli ya zile roketi mbili nyeupe zilizokuwa zikiisukuma shuttle, chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia baruti na silaha iliihesabu fueli hii kuwa kilipuzi. NAR na chama cha pili kikubwa, Tripoli Rocketry Association, wakaishtaki mwaka 2000. Mwezi Machi 2009 jaji aliiondoa kwenye orodha ya vilipuzi, kwa kuwa idara haikuweza kuthibitisha kwamba inaungua kwa namna ya kilipuzi. Kesi ya miaka tisa kwa ajili ya mchezo wa wikiendi! Lakini bila hukumu hiyo, anayeanza leo angehitaji kibali cha vilipuzi kabla hajanunua baadhi ya mota zake.

Naeleza haya kwa sababu kwenye mitandao kuna video nyingi za watu wanaopika fueli kwa sukari na mbolea, na kijana wetu mwenye akili na hana duka la mota karibu naye huona hiyo ndiyo njia ya maskini. Sitakuelekeza huko. Wapo wanaotafiti fueli kwa utaratibu, lakini hao wana walezi, wana uwanja, na wengi wao walipitia kwanza njia ndefu ya mota za kununua.

Vyeti vitatu

Nchini Marekani, NAR na Tripoli hutoa vyeti kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inakuruhusu H na I. Ya pili, J, K na L. Hapo kuna mtihani wa kuandika kabla ya kurusha. Ya tatu, M, N na O; hapo michoro na hesabu zako hupitiwa na wajuzi kabla hujakata ubao wa kwanza, na roketi lazima ibebe mitambo miwili ya kufungua parachuti isiyotegemeana, ili mmoja ukifa mwingine ufanye kazi. Umri ni miaka 18, ingawa vijana wa 14 hadi 17 wana mpango wao wa kuanzia chini ya uangalizi.

Ngazi ya kwanza kwa maneno ni rahisi mno. Unajiunga na chama. Unajenga roketi kwa mikono yako mwenyewe. Unairusha kwa mota ya H au I mbele ya shahidi mwenye cheti. Inarudi salama. Anatia saini. Mota ya jaribio unaweza kuinunua palepale uwanjani kwa kuwa unajaribu kupata cheti. Siku nyingine wauzaji watakuomba kadi.

Na kuna sheria ya anga. Shirika la usafiri wa anga la Marekani, FAA, linataka kila uwanja wa roketi za nguvu kubwa uwe na ruhusa yake, yenye kikomo cha kimo, ili ndege zijue. Hilo si jukumu la anayeanza, klabu hulishughulikia. Ndiyo sababu kubwa ya kutotaka kujifunza jambo hili peke yako: klabu ina ruhusa, ina reli, ina waya na vidude vya kuwashia, na ina wazee waliokwisha kuvunja kila kitu unachokaribia kuvunja wewe.

Roketi ya kwanza iwe nene

Makosa ya kwanza hufanyika dukani. Mtu anaona roketi nyembamba, ya faibaglasi, inayong'aa kama kalamu, inayoahidi kupita kilomita moja na kuvunja mwendo wa sauti. Anainunua. Anairusha. Haioni tena. Cheti hakuna, kwa sababu roketi ambayo haijapatikana haiwezi kukaguliwa.

Ya kwanza iwe nene. Bomba la karatasi ngumu la kipenyo cha inchi 4, mapezi ya plaiwudi, pua ya plastiki, uzito kama kilo moja na nusu ikiwa na mota. Mwili mnene hukabiliana na hewa nyingi, kwa hiyo hauendi juu sana. Kwa H128 utafika mita 300 na zaidi kidogo. Utaiona muda wote. Itaanguka ndani ya uwanja. Ikikosea, utaona imekosea wapi. Kampuni kama LOC Precision zimekuwa zikiuza maboksi ya namna hii kwa miaka mingi, na hakuna aibu kununua boksi. Mapezi yaliyokatwa tayari yananyooka kuliko yangu niliyokata kwa msumeno.

Mahali pa kutumia subira ni kwenye mapezi. Roketi hizi huwa na bomba dogo ndani ya bomba kubwa: dogo linashika mota, kubwa ndiyo mwili. Pezi halibandikwi juu ya mwili kama kishikio cha kikombe. Lina ulimi unaopita kwenye ufa wa bomba kubwa mpaka kwenye bomba dogo, na linashikwa kwa gundi ya epoksi pande zote mbili. Parua karatasi kwa msasa kabla ya kupaka gundi. Epoksi juu ya karatasi inayoteleza hushika ile ngozi ya juu tu, na ngozi hubanduka.

Kinachosahaulika ni kuifunga mota. Baruti ya kusukuma parachuti inasukuma pande mbili kwa nguvu sawa: mbele kwenye parachuti na nyuma kwenye mota. Mota isipofungwa kwa kifuniko cha skurubu au vibano vya chuma, itachomoka nyuma, parachuti itabaki tumboni, na roketi itashuka kichwa chini kama mshale. Watu wanaotoka kwenye viroketi vidogo, walikozoea kubana mota kwa tepu, ndio hasa wanaopatikana hapa.

Vitovu viwili

Roketi hizi hazina usukani. Zinanyooka kwa sababu ileile inayonyoosha mshale wenye manyoya.

Kuna kitovu cha uzito, pale ambapo roketi ikiwa na mota na parachuti ndani italala sawa juu ya kidole chako. Na kuna kitovu cha upepo, mahali ambapo nguvu zote za hewa juu ya pua na mapezi zinaweza kuhesabiwa kana kwamba zinasukuma hapo tu. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, kuelekea puani. Roketi ikiyumba, hewa inaisukuma nyuma ya kitovu cha uzito, mkia unarudi kwenye mstari, pua inanyooka. Vitovu vikigeuzana nafasi, kila myumbo unazaa myumbo mkubwa zaidi, na roketi hupiga pindu juu ya vichwa vya watu.

Umbali kati ya vitovu hupimwa kwa kipenyo cha mwili. Kipenyo kimoja ndicho cha chini kinachokubalika. Kwa bomba la inchi 4 ni kama sentimita 10. Kimoja na nusu au viwili ni vizuri. Ukizidisha sana, roketi inakuwa na tabia ya jogoo wa bati juu ya paa: kila upepo ukivuma inageuza pua kuukabili, na badala ya kupanda inakimbilia upepo unakotoka.

Kitovu cha uzito unakipata kwa kidole au kamba. Kitovu cha upepo kilikuwa kitendawili kwa watu wa kawaida mpaka mwaka 1966, wakati James Barrowman, mhandisi wa NASA aliyekuwa pia mpenzi wa viroketi, alipowasilisha mbele ya wapenzi wenzake njia ya kukikokotoa kwa hesabu zinazofanyika kwa penseli. Leo hesabu hizo zimo ndani ya OpenRocket, programu ya bure iliyoanza kama tasnifu ya Sampo Niskanen katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki mwaka 2009. Unachora roketi yako humo, unachagua mota kutoka kwenye orodha, nayo inakuonyesha vitovu vyote viwili, kimo na kasi. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Mtu aliye Iringa au Eldoret anaweza kuanza kujifunza usiku huu kwa programu hii bila kuwasha chochote, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya elimu iko humo.

Ila upime uzito halisi wa roketi baada ya kuijenga, kisha uirudishe namba hiyo kwenye programu. Gundi na rangi vina uzito, na vingi hulundikana nyuma kwenye mapezi, upande usioutaka.

Kuna hesabu moja ya kufanya kwa kichwa. Mapezi hayana kazi mpaka hewa ipite juu yake kwa kasi. Kabla ya hapo ni reli tu inayoinyoosha roketi. Kwa hiyo lazima ifike mwisho wa reli ikiwa tayari inakimbia, kama mita 15 kwa sekunde. Kanuni ya kukadiria inayotumika viwanjani: msukumo wa wastani uwe angalau mara tano ya uzito. Roketi yetu ya kilo 1.5 ina uzito wa nyutoni karibu 15. Ukigawanya 128 kwa 15 unapata zaidi ya nane. Inaondoka bila wasiwasi. Mpe mtu mwingine mota ileile kwenye roketi ya kilo tatu, anapata nne na kitu. Itapaa, ndiyo, lakini itapaa kwa uvivu, na upepo mdogo utaamua inakoelekea.

Sekunde za kushuka

Rudi kwenye ile 14 ya mwisho wa H128W-14A. Hapo ndipo vyeti vingi hupotelea.

Roketi yetu nene inamaliza kusukumwa baada ya sekunde 1.3, kisha inateleza kwenda juu kwa kama sekunde saba hivi, inasimama kilele chake, inaanza kuanguka. Parachuti inatakiwa kutoka pale kileleni, wakati mwendo umekaribia sifuri. Ukiiacha fitili ya sekunde 14 kama ilivyotoka kiwandani, sekunde sita au saba zaidi zitapita roketi ikiwa inaanguka, na itakuwa imepoteza zaidi ya mita 100 na imepata kasi inayopita ile ya gari la barabara kuu. Parachuti ikitoka wakati huo inakamata hewa kwa ghafla, kamba inayounganisha pua na mwili inavutika, na inaupasua mwili wa karatasi kuanzia mdomoni kwenda chini, msitari ulionyooka kama zipu ya suruali. Wenyewe huita hivyo hasa, zipu. Shahidi akiiona, hatii saini.

Kwa hiyo fitili hupunguzwa. Watengenezaji huuza kifaa kidogo kinachotoboa fitili kwa kina maalumu, kila hatua ikiondoa sekunde kadhaa. OpenRocket inakuambia unahitaji ngapi. Ukisita kati ya mapema kidogo na kuchelewa kidogo, muulize shahidi wako, atakuuliza kwanza uzito halisi ni ngapi, na hapo utajua kwa nini nilisema upime.

Parachuti nayo ina hesabu yake. Kwa roketi ya karatasi, mwendo wa kushuka wa mita 5 hadi 6 kwa sekunde unatosha kuokoa mapezi. Watu huona kubwa ndiyo salama, wakafunga mwavuli wa kumshusha mbuzi, kisha wakashangaa roketi ikielea mpaka shamba la jirani. Fanya hesabu: kutoka mita 330 kwa mita 5.5 kwa sekunde ni dakika moja hewani. Upepo ukivuma mita 5 kwa sekunde, upepo wa kawaida tu wa mchana, umekwenda mita 300. Si vibaya, ni matembezi. Sasa chukua roketi ileile ukaifikisha mita 1,500 kwa mota kubwa: dakika nne na nusu hewani, karibu kilomita 1.4 kutoka ulipo. Unavuka barabara, mto, na fensi ya mtu mwenye mbwa.

Ndiyo maana kuanzia ngazi ya pili watu hufungua parachuti mara mbili. Altimita ndogo ya kielektroniki hupima kanieneo ya hewa. Inapoona imeacha kupungua inajua kilele kimefika, inawasha baruti ya kwanza na kutoa kiparachuti kidogo tu, roketi ikashuka haraka kama mita 20 kwa sekunde. Ikifika mita 200 au 150 kutoka ardhini, inawasha baruti ya pili na kutoa parachuti kubwa. Kwa njia hiyo ile safari ya kilomita 1.4 inapungua kuwa kama nusu kilomita. Ni ufundi mzuri, lakini una betri, nyaya, swichi na matundu ya hewa ya kupimiwa, na kila kimoja kinaweza kukuangusha. Wapo wanaoupeleka kwenye cheti cha kwanza ili waonekane wajuzi. Ushauri wangu ni kwamba uache. Bebesha altimita ya kupima kimo tu ukitaka, ikusimulie habari, isikushikie roho.

Mambo madogo ya mfuko wa parachuti yanafundishwa na moshi. Gesi ya baruti inachoma nailoni, kwa hiyo parachuti hufungwa ndani ya kitambaa kisichoshika moto. Kamba ya kuunganisha iwe ndefu, mara tatu au zaidi ya urefu wa roketi, pua isije ikarudi kuugonga mwili. Pua iingie kwa kukaza kidogo: ukiinua roketi kwa kushika pua isichomoke, ukiitikisa itoke. Ikilegea, zungusha tepu ya karatasi. Tepu hiyo ya mafundi rangi imeokoa vyeti vingi kuliko altimita.

Na kwetu je?

Jambo la kweli ni kwamba vyama na maduka ya mchezo huu vimejaa Marekani, Kanada, Ulaya na Australia. Msomaji aliye Minneapolis, Toronto au Leicester anaweza kutafuta klabu iliyo karibu naye na kwenda Jumamosi, hata kutazama tu. Kutazama hakuhitaji cheti, na wazee wa roketi hupenda kuulizwa. Aliye Dar es Salaam au Nairobi ana kazi ngumu zaidi: mota hizi haziuzwi dukani, haziwezi kutumwa kama viatu, na anga na vilipuzi vina mamlaka zake ambazo lazima ziulizwe kabla, si baada.

Hata hivyo jambo si geni kwetu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja wana mradi wa kuunda roketi na kuzirusha, wakiwa chini ya chuo chao, na wameupa jina ambalo kwa mchezo unaohusu kurudi ni zuri kupita kiasi: Nakuja. Na wazee wa Malindi wanakumbuka majukwaa ya Waitaliano baharini, ambako kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 zilirushwa roketi za Scout, vipande vinne vyote vya fueli yabisi, zikibeba satelaiti. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, nayo ikachora ramani ya vyanzo vya eksirei angani. Mlango wa mwanafunzi wa Afrika Mashariki kwa sasa ni chuo kikuu, na programu ya bure kwenye kompyuta wakati anangoja.

Siku yenyewe

Fika mapema, kabla upepo wa mchana haujaamka; kanuni hukataza kurusha upepo ukipita kilomita 32 kwa saa. Ofisa usalama atachukua roketi yako mikononi. Atavuta mapezi, atatikisa pua, atauliza kitovu cha upepo kiko wapi. Kiwekee alama kwa kalamu ubavuni kabla hujatoka nyumbani. Atauliza mota, uzito, umepunguza fitili kwa sekunde ngapi. Asiporidhika atakurudisha, na kurudishwa hapo ni bora kuliko kurudishwa na ardhi.

Kiwashio huingizwa mwisho kabisa, roketi ikiwa imekwisha kusimama kwenye reli na imeelekezwa juu, na watu wamerudi nyuma. Kwa H hadi J umbali wa chini ni mita 30. Ikihesabiwa hadi sifuri na isiondoke, hakuna anayeisogelea kwa dakika nzima. Dakika hiyo ni ndefu. Mara nyingi kosa ni kiwashio kutosukumwa mpaka mwisho wa mota, nayo hujaribiwa tena bila kuhesabiwa kuwa umeshindwa.

Ikiruka, hesabu. Ikichanua, usikimbie, tazama inapotua ukilinganisha na mti au nguzo ya mbali, kisha tembea na shahidi wako kwa mstari huo. Usiiguse kabla hajaiona ilivyolala. Ataangalia mapezi kama yameshikilia, mdomo wa bomba kama haukupasuka, mota kama bado imo. Akitia saini, wauzaji bado watakuwa wamefungua meza zao, na utashawishika kununua I kubwa mchana huohuo. Nunua H nyingine. Roketi ni ileile, uzito unaujua, fitili unaijua; irushe tena uone kama mara ya kwanza ilikuwa ujuzi au bahati.